Nani Atapanda Mnara?

Niseme mapema kwamba sikwenda Texas kutazama vinu vya upepo. Nilikwenda kwa sababu mdogo wangu wa kike alikuwa anahitimu Texas Tech, chuo kikuu cha mji wa Lubbock, na mama alikuwa amekataa katakata kupanda ndege. "Wewe ndiye mkubwa, nenda ukatuwakilishe," akaniambia, akanikabidhi na mfuko wa dagaa wakavu ambao mpaka leo sijui ulipitaje uwanja wa ndege. Mahafali yakaisha, picha zikapigwa, tukala, na kesho yake asubuhi mdogo wangu akasema, "Kaka, kwa unavyopenda vyuma, kuna mahali nisipokupeleka utakuja kunilaumu."

Kazi yangu ni pampu za maji. Nina karakana ndogo Nyakato, Mwanza, na wateja wangu wametapakaa kuanzia Ilemela hadi Kwimba na visiwani: shule, zahanati, misheni, jumuiya za watumia maji, na watu binafsi wenye bustani zao za nyanya. Nimefungua pampu za mkono zilizobaki tangu HESAWA, ule mradi uliofadhiliwa na Waswidi uliochimba visima kanda yetu kuanzia 1985, na nafungua hizi za sola zinazoingia kila kukicha. Kwa hiyo mdogo wangu alipoegesha gari mbele ya uwanja uliojaa minara ya chuma, na juu ya kila mnara gurudumu linazunguka, nilishuka kabla hajazima injini.

Makumbusho yenyewe yanaitwa American Windmill Museum. Mzizi wake ni mwanamke mmoja, Billie Wolfe, mwalimu wa chuo hichohicho alichosoma mdogo wangu, ambaye miaka ya 1960 alianza kuzunguka mashambani akipiga picha vinu vilivyokuwa vinaoza na kuwasihi wenyewe wavitunze. Baadaye ikasikika kwamba kule Nebraska kuna mtu ana vinu zaidi ya 170 alivyovikusanya maisha yake yote. Mama huyo, akishirikiana na Coy Harris, wakahangaika mpaka vikanunuliwa mwaka 1993 na kuletwa Lubbock.

Mji uko juu ya uwanda unaoitwa Llano Estacado, tambarare mpaka macho yanachoka. Hakuna mto wa maana, hakuna ziwa la kuliita ziwa. Maji yako chini, kwenye tabaka la Ogallala, na kwa miaka mingi upepo ndio uliokuwa unayatoa. Sisi wa Mwanza, ambao kila ukipanda kilima unaona maji, tunapata tabu kidogo kuelewa watu walithubutuje kuhamia mahali pale na ng'ombe wao.

Ndani ya jengo kuu magurudumu yamepangwa toka sakafuni hadi karibu na dari: ya mbao, ya bati, mengine yenye rangi nyekundu kwenye ncha za mapanga. Moja, la aina ya Eclipse lililokuwa likitumiwa na kampuni za reli, lina upana wa zaidi ya mita saba. Treni za mvuke zilikunywa maji mengi, na njiani huko hakukuwa na kitu kingine cha kuyapandisha tangini. Kuna pia vinu visivyo na mkia, ambavyo huhitaji uzito nyuma ili visawazike, na viwanda vikaona uzito huo usiwe donge tu la chuma. Wakausubu kwa sura ya jogoo, farasi, na ng'ombe dume. Msukuma yeyote angesimama pale kwenye madume. Nami nilisimama.

Mzee aliyetuzungusha alikuwa wa kujitolea, amestaafu ufugaji, kofia pana, na vidole vyenye makovu ninayoyafahamu. Mdogo wangu akamwambia kaka yake ni fundi pampu kutoka Ziwa Victoria. Mzee hakuuliza habari za simba. Aliuliza, "Kwenu ngozi za pampu mnabadilisha baada ya muda gani?" Tangu hapo tukawa ndugu.

Kwa asiyeijua kazi yetu: gurudumu la juu halivuti maji lenyewe. Linachofanya ni kugeuza mzunguko uwe mwendo wa juu na chini. Fito ndefu inashuka kisimani hadi kwenye silinda ya shaba, na ndani ya silinda kuna pistoni yenye valvu. Kinachoziba nafasi kati ya pistoni na ukuta wa silinda ni kikombe cha ngozi, upana wa vidole vitatu vinne hivi. Uzito wa maji unakitanua, kinabana ukuta, na maji yanapanda. Ngozi ikichakaa, gurudumu linaendelea kuzunguka vizuri tu huko juu, kila apitaye njiani analiona linazunguka, na bombani hakutoki kitu.

Swali la mzee lilinigusa kwa sababu ninakijua kinu kilichokufa hivyo hivyo. Kijiji chetu kiko ufukweni upande wa Magu. Maji ya ziwani ni ya bure na yako karibu, ila yana kichocho, na nikiwa shule ya msingi mradi mmoja ulituchimbia kisima na kusimamisha kinu cha upepo juu yake. Baba mdogo ndiye aliyechaguliwa kukitunza. Kila wiki alipanda mnara na kopo la grisi, sisi watoto tukimhesabia ngazi kwa sauti. Upepo wa ziwani huanza kuchangamka kuelekea adhuhuri, na jioni tangi lilikuwa limejaa. Akina mama waliacha kwenda ziwani na ndoo.

Kisha maji yakapungua, yakawa ya kudondoka, yakakatika. Baba mdogo aliwaambia wazi: ngozi imekwisha. Jibu likawa vipuri vinaagizwa. Vinaagizwa wapi na lini, hakuna aliyesema. Muda wa mradi ukaisha, gari lao likaondoka, na kijiji chenye ng'ombe wengi kuliko watu kikakaa kusubiri kipande cha ngozi ya ng'ombe kutoka Ulaya.

Nilimsimulia mzee kwa ufupi, mdogo wangu akitafsiri. Akatikisa kichwa, akatuongoza mpaka kwenye kabati ambalo wageni wengi hulipita. Mle ndani kulikuwa na ngozi za pampu za kila saizi, nyingine mpya, nyingine zimelika upande mmoja kwa mchanga. Akatoa moja akanipa mkononi. Ilikuwa ngumu, imekolea mafuta, na ukingo wake umekatwa mshazari ili upande bila kukwaruza. Akasema baba yake alikuwa akinunua za namna hiyo kwa dazeni, duka lilelile lililouza misumari na chumvi. Hela ikikosekana, alikata mwenyewe kwenye ngozi ya ng'ombe wake, akailoweka mafutani, akaikandamiza kwenye kalibu ya mbao mpaka ishike umbo. Pale kabatini nilikaa kuliko mahali pengine popote. Mdogo wangu akaanza kuangalia simu.

Toka hapo nikayatazama makumbusho yote kwa jicho jingine. Vibao vya maelezo vinasifu wavumbuzi na viwanda vyao, na ni haki yao. Lakini mtu wa karakana akizunguka humo anaona kitu kimoja kinajirudia miaka mia na zaidi: karibu kila uvumbuzi ulikuwa wa kumpunguzia mtu safari ya kupanda mnara.

Vinu vya zamani vya Uholanzi na Uingereza vilihitaji mtu aishi navyo. Mabawa yalivishwa turubai, na upepo ukizidi msagaji alisimamisha kinu akakunja turubai bawa moja baada ya jingine, mvua ikimnyeshea. Waingereza walipunguza adha hiyo kidogo kidogo. Mwaka 1745 Edmund Lee akaweka kifeni cha nyuma kinachogeuza kinu kiuelekee upepo chenyewe. 1772 Andrew Meikle akabadilisha turubai kwa vibao vyenye springi. 1807 William Cubitt akaviunganisha vibao vyote vifunguke na kujifunga kinu kikiwa kinaendelea kuzunguka. Hata hivyo msagaji aliendelea kuwepo, maana unga unahitaji mtu wa kuusimamia. Kuvuta maji hakuhitaji mtu. Mfugaji wa Marekani alikuwa na kisima mwendo wa nusu siku kwa farasi kutoka nyumbani, na hakuwa na mtu wa kumweka huko akisubiri dhoruba.

Husimuliwa kwamba aliyelichokoza jambo hilo alikuwa mtu wa pampu, jambo lililonifurahisha. John Burnham wa Connecticut, aliyekuwa akiuza na kutengeneza pampu, alimwendea Daniel Halladay akamwambia atengeneze kinu kinachojizuia chenyewe upepo ukizidi. Halladay, wanasema, akajibu kwamba kukitengeneza anaweza, ila hajui nani duniani atakinunua. Alipata hataza mwaka 1854. Wanunuzi walikuwepo, ila walikuwa magharibi kwenye nyanda kavu na njia za reli, na mwaka 1863 kazi yote ikahamia Batavia, jimbo la Illinois.

Katika vinu vya chuma vilivyofuata, ujanja wenyewe ni mwepesi ukishauona. Gurudumu haliwekwi katikati kabisa ya mnara, linasogezwa pembeni kidogo. Upepo ukiwa wa kawaida, springi inaushika mkia nyuma ya gurudumu na kazi inaendelea. Upepo ukizidi, ule usogezo wa pembeni unafanya gurudumu lisukumwe ligeuke, lijilaze sambamba na mkia, mpaka likae ubavu kwa upepo. Ukitulia, springi inalirudisha.

Nilipomchorea habari hiyo mzee mmoja mvuvi, pale mwalo wa Igombe baada ya kurudi nyumbani, hakusubiri nimalize. "Kwa hiyo kinajipunguzia tanga chenyewe," akasema. Mhandisi mwenye shahada asingelisema vizuri zaidi.

Mzee huyo ni katika wachache pale ambao bado wanategemea tanga. Lake limeshonwa kwa sandarusi za unga, uzi wa nyavu, viraka juu ya viraka, na nembo ya kiwanda inasomeka kinyume chombo kikiwa kinarudi. Injini anayo, imelala nyumbani, kwa sababu anasema petroli inakula samaki wote kabla hawajafika sokoni. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, upepo ukatoka nchi kavu kwenda ziwani, naye akatoka nao. Mchana nchi ikipata joto upepo hugeuka, naye akarudi nao. Upepo huo wa kila siku haumtishi. Anachokihofia ni dhoruba za usiku wa manane na alfajiri, zile zinazozaliwa katikati ya ziwa pale pepo za nchi kavu kutoka pande zote zinapokutana juu ya maji yenye joto na kuinua mawingu. "Huo hauna tanga la kupunguza," akaniambia. "Huo unashusha lote na unapiga magoti."

Nirudi Lubbock. Kitu cha pili kilichonishika kilikuwa sakafuni, kwa kuwa kinu hicho kilishushwa mnarani makusudi ili watu wakione ndani. Mzee akafunua kofia ya bati. Ndani mlikuwa na gia mbili kubwa zinazofanana, zinaendeshwa na mbili ndogo, na zote zimekaa ndani ya beseni la chuma. Akalizungusha gurudumu kwa mkono: gurudumu linapiga kama mizunguko mitatu, fito inapanda na kushuka mara moja. Kisha akanionyesha beseni lenyewe. Gia kubwa zinapozunguka zinachota oili chini na kuimwaga juu ya beringi zote, ikishuka inarudi mlemle. Unaibadilisha mara moja kwa mwaka.

Kinu hicho ni Aermotor, kampuni iliyoanzishwa Chicago mwaka 1888 na La Verne Noyes pamoja na mhandisi Thomas Perry. Huyo Perry alikuwa amefanya majaribio zaidi ya 5,000 ya maumbo ya magurudumu, jambo ambalo washindani wake walilicheka, wakakiita kinu chake cha kihesabu. Hesabu zikashinda, mapanga ya chuma yaliyokunjwa vizuri yaliwaacha mbali wenye mapanga ya mbao. Lakini mzee wetu alisema wafugaji hawakuipenda Aermotor hasa kwa sababu ya hesabu za Perry. Waliipenda kuanzia mwaka 1915, lilipokuja beseni la oili. Kabla ya hapo kila kinu kilitakiwa kupakwa mafuta karibu kila wiki, na shamba kama XIT, lililokuwa na vinu zaidi ya 300, lilihitaji watu ambao kazi yao ilikuwa kuzunguka toka mnara hadi mnara na chupa za mafuta, wakipanda jua kali na barafu. Wapo walioanguka.

Nikamkumbuka baba mdogo na kopo lake la grisi. Kinu walichotuletea sisi hakikuwa na beseni. Wakati huo beseni lilikuwa na umri wa kutosha kuwa babu.

Nje, katikati ya vile vinu vya wafugaji, wamesimamisha mtambo mmoja wa kisasa, Vestas wa kilowati 660, kipenyo mita 47, unaozalisha umeme wa makumbusho yenyewe. Watu wengi hupigia picha hapo. Mimi ulinikumbusha simulizi ambalo mdogo wangu alinipa ndani ya gari, kuhusu mtambo wa Smith-Putnam uliojengwa juu ya kilima cha Grandpa's Knob, Vermont, mwaka 1941. Ulikuwa wa kwanza duniani kuvuka megawati moja, mapanga mawili, kipenyo mita 53. Mwezi Februari 1943 beringi moja kuu ikafa. Ilikuwa wakati wa vita na viwanda vina kazi nyingine, kwa hiyo mtambo mkubwa kuliko yote duniani ulikaa miaka miwili ukisubiri beringi. Ilipofungwa, ukafanya kazi wiki chache, na 26 Machi 1945 panga moja likakatika likaruka. Hawakuutengeneza tena. Nilicheka, na mdogo wangu akashangaa nacheka nini. Nilicheka kwa sababu nilidhani kusubiri kipuri mpaka mradi ufe ni jambo letu sisi peke yetu.

Miaka kadhaa baadaye, kule Denmark, Johannes Juul alijenga mtambo wa kilowati 200 pale Gedser mwaka 1957, mdogo, mzito, wa kawaida mno, ukafanya kazi kama miaka kumi bila matengenezo makubwa. Mitambo mingi ya leo ni wajukuu wa ule.

Kuna chumba cha vinu vidogo vya umeme pia, vile vya miaka ya 1920 na 1930 vya kuchajia betri za redio shambani, akina Jacobs na Wincharger. Nilikipita haraka ingawa kinastahili. Vinu hivyo viliuawa na nguzo za umeme: mwaka 1935 serikali ya Marekani iliunda wakala wa umeme vijijini, REA kwa kifupi, herufi zilezile za wakala wetu, na waya ulipofika mlangoni hakuna aliyetaka tena kupanda kushusha kinu chenye barafu.

Tangu nirudi nimekuwa na wazo ambalo rafiki zangu wanalichoka. Pale Bujora, Kisesa, tunayo Makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na padre wa Kikanada, David Clement, na jengo la ngoma za watemi limejengwa kwa umbo la kiti cha mtemi. Sisi ufukweni tungekuwa na la upepo. Ningeanza na Kageye, ambako Stanley alitia maji mashua yake ya Lady Alice mwaka 1875 akalizunguka ziwa lote kwa tanga na makasia. Ningeweka habari ya jahazi la Songoro, mfanyabiashara wa Ukerewe, ambalo ugomvi wake na mtemi Lukonge uliponza roho za wamisionari wawili wa Kiingereza, Smith na O'Neill, Desemba 1877, na ya Songoro mwenyewe. Lile tanga la sandarusi ningelinunua hata leo mzee akikubali kuliuza, lakini hakubali. Ningeleta kinu cha Kijito kutoka Thika, kilichochomelewa hukuhuku Afrika Mashariki, ambacho fundi wa kawaida anaweza kukifungua. Na kwa wenye kupenda makubwa, picha za Turkana, kule Kenya: mitambo 365, megawati 310, iliyokamilika 2017 ikakaa zaidi ya mwaka mmoja inangoja laini ya umeme ya kuifikisha Suswa. Ndogo yetu tungeiweka pembeni yake, ile ya Mwenga kule Mufindi, mitambo mitatu tu, megawati 2.4, inayowasha vijiji vya jirani.

Na kinu cha kijijini kwetu ningekiweka mlangoni, na ngozi yake iliyochakaa.

Lakini bado kiko kijijini. Mnara umesimama imara, watu wanaanikia nyavu, na mwaka huu jumuiya ya watumia maji iliniita kwenye mkutano kuniuliza kama kinaweza kufufuliwa. Baba mdogo alikuwepo, mzee sasa, amekaa mbele. Najua walitarajia niseme ndiyo, kwa jinsi nilivyowasumbua na hadithi za Texas.

Nikawaambia hapana, na nikawaeleza. Kinu cha maji huhitaji gurudumu likae angalau mita tano juu ya kila kitu kilicho jirani, mpaka umbali wa mita 120 hivi. Kilipojengwa pale miembe ilikuwa michanga. Leo inalifikia gurudumu. Na upepo hausamehe: ukipungua nusu, nguvu haipungui nusu, inabaki moja ya nane. Wingi wa mapanga husaidia kinu kuanza kuzunguka na upepo mwepesi wa mita tatu kwa sekunde, ila kuzunguka si kuvuta. Ama tukate miembe, ama tupandishe mnara, ama tuweke sola. Kuhusu kukata miembe kelele zilizuka kabla sijamaliza kutamka. Kwa bei ya paneli ilivyoshuka, nikasema, sola ndiyo yenye akili hapa.

"Hiyo sola haina ngozi?" baba mdogo akauliza.

Haina, baba, nikamjibu, na hapo ndipo penye shida. Ina kontrola, kiboksi cha umeme, na ikipigwa na radi au ikiungua hakuna wa kuikata kutoka kwenye ngozi ya dume lolote hapa kijijini. Pampu ya sola inampunguzia mtu kupanda mnara, ni kweli, lakini inamwongezea safari ya kwenda mjini. Siku hizi, kabla sijachukua kazi yoyote, nauliza mambo yaleyale: kikiharibika nani atakigusa, kwa spana gani, kipuri kinauzwa duka gani, na hela yake iko wapi leo, si siku hiyo. Wateja wengine hukasirika, huona namletea nuksi mradi. Mmoja alikwenda kwa fundi mwingine. Sawa.

Mama mweka hazina ndiye aliyelishika jambo. Akasema kama ni hivyo, basi bei ya kontrola ya akiba iingizwe kwenye gharama za mwanzo na ifungiwe ofisini, ufunguo akae nao yeye, maana kwenye kikao kilichopita hela ya akiba ilikuwepo kwenye daftari na haikuwepo kwenye sanduku. Mwenyekiti akakohoa. Akasema pia wachaguliwe vijana wawili wa kukaa karakana kwangu Nyakato mpaka waweze kuitoa pampu kisimani na kuirudisha bila kunipigia simu, na mmoja awe msichana, kwa sababu wavulana wakishajua kazi wanakimbilia Dar. Nilikubali, na malipo tukapatana: mahindi baada ya mavuno.

Kuhusu mnara wenyewe hawakuafikiana. Wengine wanataka uuzwe chuma chakavu, baba mdogo anataka paneli zifungwe juu yake, jambo ambalo lingetulazimu kupanda tena kila zikipata vumbi, na nilimwambia hivyo. Hakufurahi. Wakaliahirisha, wakaingia ajenda ya vyoo vya shule, nami nikaaga kuwahi daladala ya Kisesa.